Gogo Bichi Kwenye Mashine ya Kukereza: Kwa Nini Chombo Kilichokombwa Hakipasuki

Mwambie seremala yeyote wa Dodoma kwamba unataka kukereza mtungi kwa gogo la mwarobaini lililoangushwa jana, naye atakushauri ulitunze kwanza mwaka mmoja au miwili likauke. Kwa mlango, kitanda au meza, ushauri huo ni sahihi na asiyeufuata hujuta. Lakini kwa chombo cha mviringo kilicho wazi ndani, iwe mtungi, kopo la kuhifadhia karanga au chombo cha maua makavu, ushauri huo huo ndio unaoharibu kazi. Gogo zima likiachwa likauke katika hewa ya hapa kwetu hupasuka mpaka moyoni kabla kiangazi hakijaisha. Likikerezwa na kukombwa ndani likiwa bado linatoa maji, lina nafasi kubwa ya kukauka likiwa zima.

Vijana wengi walioanza kazi hii mjini wanaijua kanuni yenyewe. Wameiona kwenye video na wanaifuata: kereza bichi, subiri ikauke. Kinachokosekana ni sababu yake, kwa hiyo chombo kikipasuka wanalaumu mti, na cha pili kikipasuka wanarudi kwenye miguu ya vitanda. Inasikitisha, kwa sababu sababu hiyo ni hesabu ndogo tu ya duara, na mtu akishaielewa anaweza kufikia karibu maamuzi yote ya kazi hii kwa akili yake mwenyewe, bila kukariri.

Maji ya aina mbili

Mti ulio hai hubeba maji kwa namna mbili. Kuna maji yaliyojaa kwenye matundu ya seli, na hayo ndiyo yanayokurukia usoni gogo linapozunguka. Kuna na maji yaliyoshikwa ndani ya kuta za seli zenyewe. Gogo linapoanza kukauka, maji ya kwenye matundu hutangulia kutoka. Uzito hupungua sana, lakini vipimo vya gogo havibadiliki. Unyevu unaposhuka hadi karibu asilimia 28 au 30, matundu yamekwisha kuwa matupu na sasa ni zamu ya maji ya kwenye kuta. Hapo kuta zinakonda, na mbao nzima inaanza kusinyaa mpaka iafikiane na hewa inayoizunguka. (Asilimia hizi hupatikana kwa kulinganisha uzito wa maji na uzito wa mbao kavu, ndiyo maana mti laini uliojaa maji unaweza kusomeka asilimia 100 na zaidi.)

Kusinyaa huku hakulingani kila upande. Kwa urefu wa nyuzi, yaani toka mizizini kwenda matawini, mbao husinyaa kidogo mno, asilimia 0.1 hadi 0.2 kwa miti mingi. Toka moyoni kwenda kwenye gome husinyaa asilimia 3 hadi 5. Kuzunguka gogo, kufuata miviringo ya ukuaji, husinyaa karibu mara mbili ya hapo, asilimia 6 hadi 10. Tofauti hii ya mwisho, kati ya kusinyaa kwa nusu kipenyo na kusinyaa kwa mzingo, ndiyo chanzo cha nyufa za aina ya kwanza tutakazozungumzia.

Chukua gogo la kipenyo cha sentimita 20. Mzingo wake ni karibu sentimita 62.8. Tuseme ni mti unaosinyaa asilimia 8 kwa mzingo na asilimia 4 kwa nusu kipenyo mpaka ukauke kabisa. Mzingo unataka kufika sentimita 57.8. Nusu kipenyo, iliyokuwa sentimita 10, imeshuka mpaka 9.6 tu, na duara lenye nusu kipenyo hicho linahitaji mzingo wa sentimita 60.3. Pamepungua sentimita 2.5 za mbao. Hakuna pa kuzitoa, kwa hiyo gogo linafunguka: ufa mmoja mpana unaokwenda toka gome mpaka moyoni, au nyufa kadhaa ndogo zinazogawana upungufu ule. Hapa hakuna cha bahati mbaya. Gogo zima lenye moyo wake likikauka sana, lazima lipasuke.

Sasa likombe gogo lile lile, libaki ukuta wa milimita 5 unaozunguka uwazi. Mzingo unataka kusinyaa asilimia 8, na safari hii hakuna kitu katikati cha kuuzuia. Kipenyo kinashuka toka sentimita 20 hadi 18.4, unene wa ukuta unashuka toka milimita 5 hadi 4.8, na kila upande umepata ulichotaka. Kilichokuwa kinalipasua gogo ni nyama yake yenyewe ya katikati, iliyokataa kusinyaa kwa kiasi kile kile. Tukiiondoa mapema, kabla unyevu haujafika ile asilimia 28, mvutano haupati pa kuanzia.

Ushahidi wa jambo hili tunao nyumbani siku zote. Ngoma za muheme wanazopiga akina mama wa Kigogo ni gogo lililokombwa, moyo wake ukaondolewa, na zinadumu miaka mingi zikipigwa juani na kuhifadhiwa karibu na moto. Kinu cha kutwangia hukombwa juu tu. Chini hubaki na kipande cha gogo zima chenye moyo ndani. Angalia kinu cha zamani uone ufa wake umeanzia wapi. Mara nyingi ni kitakoni, na ukiufuatilia unakuta umeelekea katikati kabisa.

Kitako ndicho kinachosumbua

Mfano wa kinu unatuonyesha mahali ambapo mitungi mingi ya mbao hufia. Ukuta wa chombo uko huru kusinyaa, lakini kitako ni kisahani cha gogo ambacho bado kina moyo, na ile hesabu ya sentimita 2.5 inakihusu kama ilivyo, kwa kipimo chake. Mkerezaji anayeanza huogopa kutoboa chini, kwa hiyo huacha kitako kinene, sentimita 3 au 4, huku ukuta ukiwa milimita 6. Ukuta unakauka ndani ya siku chache na kusinyaa. Kitako bado kimejaa maji na kinaukatalia. Baadaye kitako nacho kinaanza kukauka na kupasuka kwa sababu yake chenyewe, na ufa unapanda ukutani.

Dawa ziko kadhaa na zote zinatoka kwenye ile hesabu. Ya kwanza ni kukifanya kitako kiwe chembamba sawa na ukuta, kikiwa na mbonyeo kidogo ndani na nje. Kisahani chembamba kinaweza kujikunja kikawa kibonde badala ya kupasuka. Ya pili ni kuutoboa moyo kwa drili toka chini, kuacha chombo kikauke, kisha kuziba tundu kwa kizibo cha mbao kavu ya mti ule ule. Hii ndiyo ninayoipenda kwa mitungi mikubwa, maana inafanya kitako nacho kiwe pete. Ya tatu ni kumwagia moyo gundi nyepesi ya supagluu mara tu unapomaliza kukereza, ili nyuzi zishikane wakati wa siku za kwanza ambazo ndizo za hatari. Kwa vyombo vidogo inatosha. Na ukipata gogo nene sana, lipasue katikati kwa msumeno, uutupe moyo kabisa, kisha kereza chombo kutoka nusu moja. Kitakauka kikiwa na umbo la yai kidogo kwa sababu miviringo haikizunguki sawasawa, lakini hakina moyo wa kukipasua.

Bakuli pana kwa kawaida hukerezwa kwa njia tofauti: nyuzi za mti hulala kwa upande badala ya kusimama. Hapo upande mmoja wa mdomo unafuata urefu wa nyuzi na hausinyai, upande mwingine unakatiza nyuzi na unasinyaa kwa asilimia zote. Bakuli la sentimita 30 linaweza kupungua karibu sentimita 2 upande mmoja na kubaki vile vile upande wa pili. Umbo hilo la yai halikwepeki, na binafsi naliona zuri.

Hewa ya Dodoma

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba mbao yote inakauka kwa pamoja. Haiwi hivyo. Ngozi ya nje hukauka kwanza, inataka kusinyaa, na ndani bado kumejaa maji na hakujapungua chochote. Ngozi inavutika mpaka inachanika. Huu ni ufa wa aina ya pili, wa kasi, na unaweza kutokea hata kwenye chombo kisicho na moyo.

Kasi hiyo inategemea mambo mawili: unene wa ukuta na ukavu wa hewa. Unene una nguvu kuliko watu wanavyodhani. Ukuta ukiongezeka unene mara mbili, muda wa kukauka huongezeka karibu mara tatu mpaka nne, na muda wote huo nje na ndani haviko sawa. Ndiyo maana ukuta wa milimita 5 unaweza kukauka ndani ya wiki moja au mbili bila ufa, wakati ukuta wa sentimita 3 unahitaji miezi ya kubembelezwa. Ukuta usiolingana, huku milimita 4 na kule milimita 12, ni mbaya kuliko hata ukuta mnene, maana pale pembamba pamemaliza kusinyaa wakati pale panene hapajaanza. Mtu akiniuliza ni kitu gani kimoja cha kujifunza kabla ya vyote, ningesema: kulinganisha unene toka mdomoni hadi kitakoni. Mashine ya bei kubwa na patasi za nje ya nchi zinaweza kungoja.

Na hewa, basi. Mji wa Dodoma uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, una msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na jumla ya mvua kwa mwaka ni karibu milimita 550 hadi 600. Kuanzia Mei mpaka Novemba mvua ya maana hakuna, na upepo wa katikati ya mwaka unapitia hata dirisha lililofungwa. Mbao huendelea kutoa maji mpaka iafikiane na hewa hiyo. Kwenye joto la nyuzi 25 na unyevu wa hewa wa asilimia 40, mbao hutulia ikiwa na unyevu wa karibu asilimia 7.6. Kwenye unyevu wa hewa wa asilimia 80, hali ambayo watu wa pwani wanaijua vizuri, hutulia karibu asilimia 16. Kwa hiyo fundi wa Dodoma ana safari ndefu zaidi ya kusinyaa kuliko mwenzake wa Dar es Salaam, tena anaisafiri kwa kasi. Maelekezo ya kukausha yaliyoandikwa Uingereza, kwenye mvua na ukungu, hayatufai kama yalivyo. Wao wanahangaika mbao ikauke. Sisi tunahangaika isikauke haraka.

Kuna faida ndani yake. Chombo kilichokwisha kukauka hapa kimepita mtihani mgumu, na kikipelekwa Tanga au Zanzibar kitavimba kidogo tu. Kilichotengenezwa pwani na kuletwa hapa mwezi wa Agosti ndicho chenye mashaka.

Mti gani

Miti ya kujifunzia haiko mbali. Mji unapanuka, barabara zinaongezwa, viwanja vinasafishwa, na miarobaini, mijohoro, mijakaranda na miembe inaangushwa kila wakati, mingi ikiishia kuwa kuni na mkaa. Mjakaranda ni mweupe, laini kwa patasi, na mpole wakati wa kukauka, ningeanza nao. Mwarobaini una nyuzi zinazopishana, kwa hiyo unataka patasi kali, lakini kiini chake kina rangi nzuri ya wekundu na bungua hawaupendi. Mwembe unakerezeka vizuri ila uuwahi: ukikaa unaingiwa na ukungu wa buluu na kijivu, ambao wengine wanautafuta makusudi kwa urembo wake. Mjohoro una kiini cheusi chenye mistari ya manjano, mzuri sana kwa macho, lakini vumbi lake linawasha macho na koo. Mkwaju ni mgumu na unakula makali ya patasi.

Mninga una sifa isiyo ya kawaida: unasinyaa kidogo mno ukilinganisha na miti mingi, kwa hiyo unasamehe. Mpingo ni kinyume chake kwa kazi hii. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, unakauka polepole mno, na magogo yake mengi yana nyufa za ndani tangu ukiwa umesimama. Uachie kazi ndogo. Mbuyu, pamoja na heshima yote tunayoupa mkoani, si wa kukereza. Ndani ni nyuzi laini zilizojaa maji, na ukikauka hubaki makumbi.

Kabla ya kuangusha chochote msituni, au kukisafirisha, kumbuka kibali. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka hivyo, na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania ndio wanaoitekeleza. Mpingo una masharti ya ziada kwa kuvuka mipaka ya nchi.

Gogo ukishalipata, usilikate vipande vipande. Sehemu iliyokatwa kukatiza nyuzi hupoteza maji mara 10 au zaidi kuliko ubavu wenye gome, na juani hapa unaweza kuona nyufa siku hiyo hiyo. Liache refu, na gome lake, kivulini, na upake ncha zake nta ya mishumaa iliyoyeyushwa au rangi nzito ya mafuta. Siku ya kukereza, kata na utupe sentimita 5 au zaidi za mwanzo mpaka uone uso usio na ufa hata mwembamba wa unywele.

Mashineni

Gogo huanza likiwa limeshikwa pande zote mbili, kichwa na mkia wa mashine, kwa kasi ndogo, maana gogo bichi lina upande mzito na linatikisa meza. Kwa kipande cha sentimita 20, mizunguko 300 hadi 500 kwa dakika inatosha mpaka likae sawa. Baadaye unaweza kupandisha. Kipimo kinachonisaidia ni kuzidisha kipenyo kwa sentimita na mizunguko kwa dakika. Jibu lisivuke sana 15,000, na 20,000 ndiyo ukomo. Vaa kioo cha kufunika uso mzima, kunja mikono ya shati, na usivae glavu kamwe. Maji yanayoruka yasifikie swichi.

Nje kunakerezwa toka penye kipenyo kikubwa kushuka penye kidogo, yaani toka tumboni kwenda shingoni na toka tumboni kwenda kitakoni, ili kila unyuzi uwe na mwenzake wa kuuegemeza chini yake. Ndani ni kinyume: toka katikati kwenda ukutani. Wengi hushindwa hapa kwa kuvuta patasi toka mdomoni kwenda katikati, kama wanavyofanya kwenye bakuli la nyuzi za kulala, wakapata uso wenye manyoya. Kitako kikishachongwa kigingi cha kushikwa na taya, yaani meno ya chuma yanayobana kwenye kichwa cha mashine, mkia unaondolewa. Kaza taya tena kila baada ya muda mfupi. Mbao bichi inabonyea chini ya chuma, maji yanakamuliwa, na kilichokuwa kimeshikwa imara kinalegea bila kukuaga.

Toboa kwanza tundu la katikati kwa drili mpaka kina unachotaka, ukiweka alama ya utepe kwenye keekee. Tundu hilo linaondoa ile sehemu isiyokatika, moyo unaozunguka mahali pamoja, na linakueleza kitako kiko wapi bila kubahatisha. Kisha komba kwa hatua. Maliza sentimita 4 za juu hadi unene wa mwisho, milimita 5 au 6, ndipo ushuke sentimita 4 nyingine. Usirudi juu tena. Ukuta uliokwisha kuwa mwembamba umeanza kujipinda dakika zile zile, haupo tena kwenye duara, na patasi ikiugusa inaudaka upande mmoja na kuukosa mwingine mpaka uvunjike. Nyama nzima iliyobaki chini ndiyo inayoushikilia ukuta wakati unaukata, nayo ukiiondoa hairudi.

Kadiri unavyozama, chuma cha kukombea kinazidi kuning'inia mbele ya egemeo, kile kipande cha mashine kinacholaziwa patasi, na kinaanza kutetema. Kupinda kwa chuma kunakua kwa urefu uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe: urefu ukiwa mara mbili, kupinda ni mara 8. Kunapungua kwa kipenyo kilichozidishwa mara nne kwa chenyewe: kipenyo mara mbili, kupinda ni sehemu moja ya 16. Kwa hiyo unene wa chuma ndio mkombozi. Hapa nawapa moyo wasio na fedha za vyuma vya dukani, kwa sababu ukakamavu wa chuma cha kawaida na wa chuma cha bei mbaya ni karibu sawa. Tofauti iko kwenye makali. Kipande cha shafti ya milimita 20 kutoka kwa wauza vyuma chakavu, kikafungwa mbele kijipande kidogo cha chuma kigumu cha kukatia, kinakomba sawa na cha dukani. Nondo yenye mikunjo haifai mpaka uisage iwe laini, vinginevyo inarukaruka juu ya egemeo. Kwa kuta za chini ya mabega, mahali ambapo chuma kilichonyooka hakifiki, fundi wa kuchomelea anaweza kukupindia ncha. Mmarekani David Ellsworth ni mmoja wa walioifanya njia hiyo ijulikane, katika miaka ya 1970, kwa vyombo vyembamba vilivyokombwa kupitia tundu dogo tu. Ncha ya chuma cha kukwarua iwe usawa wa katikati ya mzunguko au juu yake kidogo, ili ikidakwa ishuke kwenye uwazi na isiingie ukutani.

Simamisha mashine mara kwa mara umwage maranda. Chombo chenye mdomo mdogo hujaa haraka, na maranda mabichi yakishindiliwa hukishika chuma.

Namna ya kujua unene bila kuona ni kitu kinachonifurahisha mpaka leo. Mashine ikiwa imesimama, ingiza tochi ndogo ndani ya mjakaranda au mti mwingine mweupe. Mbao bichi hupitisha mwanga kuliko kavu, kwa sababu matundu yake yamejaa maji. Pale penye sentimita moja pako giza. Penye milimita 7 panaanza wekundu hafifu. Ukikaribia milimita 4 panakuwa rangi ya chungwa, na unaweza kuona mduara mzima wa giza mahali uliporuka bila kukomba. Kwa miti meusi tochi haisaidii. Tumia waya uliopindwa na kalipa (kipimo cha unene chenye miguu miwili), na usikilize sauti ya chuma, ambayo inapanda kadiri ukuta unavyokonda.

Kazi hii ikianza imalizwe siku hiyo hiyo. Umeme ukikatika katikati, jaza ndani maranda mabichi, funika chombo kizima kwa gunia lililoloweshwa, na ukiache palepale kwenye taya. Ukimaliza, futa meza ya mashine na uipake mafuta, maana maji ya mti hula chuma usiku mmoja. Na chembe za chuma zikibaki kwenye mbao yenye tanini (kemikali ya asili ya mti) nyingi, huacha madoa ya buluu nyeusi yasiyotoka kwa msasa.

Kukausha

Mtu anayetazama chombo kipya chenye mdomo mwembamba hudhani kikauke kwa kukipindua mdomo chini. Fikiria hewa iliyo ndani. Imefungwa, imejaa mvuke, haina upepo. Nje kunapigwa na hewa kavu ya Julai. Nje kunasinyaa na ndani hakusinyai, na hilo ndilo tunalolikimbia. Kwa hiyo fanya kinyume: mwaga maranda yote, acha mdomo wazi kuelekea juu, na uvishe nje karatasi. Mfuko wa saruji wa karatasi, uliokung'utwa vizuri, unafaa kuliko chochote ninachokijua, kwani ni mzito na unapumua. Wakati wa kiangazi kivishe tabaka mbili, na uweke chombo chumbani sakafuni, mbali na dirisha na mlango. Wakati wa mvua, moja inatosha. Nailoni usiitumie kwa zaidi ya siku moja, maana chombo kinaota ukungu ndani yake.

Kila baada ya siku chache pima uzito kwa mizani ya jikoni na uandike chini ya kitako kwa penseli. Mwanzoni namba zinashuka kwa kasi, kisha polepole, kisha zinagoma. Zikigoma kwa wiki nzima, chombo kimeafikiana na hewa. Kama kilianza na gramu 960 na kimegoma kwenye 600, unajua pia kwamba kimetoa zaidi ya theluthi ya uzito wake.

Anayetaka mduara kamili ana njia ndefu zaidi: akereze kwanza ukuta mnene, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya kipenyo, yaani sentimita 2 kwa chombo cha sentimita 20, apake nta sehemu zilizokatiza nyuzi, afunike kwa maranda yake ndani ya boksi, asubiri miezi, kisha akikereze upya kikiwa kikavu. Kwa bakuli ni njia nzuri. Kwa mtungi wa mdomo mdogo naiona kazi ya kuchosha isiyo na sababu, isipokuwa mmoja tu, ule wa kifuniko.

Msasa usiuguse mpaka uso ukauke. Mbao bichi huuziba mara moja. Mafuta ya kitani na nta ya nyuki, ambayo hapa kati tunaipata bila shida, hufanya umaliziaji mzuri. Mafuta ya alizeti, ingawa Singida na Dodoma tunayo tele, hayakauki sawasawa. Huacha uso unaonata na kushika vumbi. Na usimwahidi mteja kwamba chombo kitabeba maji. Nyuzi zimesimama wima kitakoni, na kila unyuzi ni mrija mwembamba. Ni chombo cha ubuyu, karanga, mbegu, au maua makavu.

Kifuniko ndicho kinachodai mduara wa kweli. Acha mdomo uwe mnene kidogo wakati wa ubichi, subiri namba za mizani zigome, rudisha chombo kwenye mashine na usahihishe mdomo peke yake. Kifuniko kikate kwenye gogo lile lile, kando ya moyo, nyuzi zikiwa zimesimama kama za chombo. Ukikikata kwenye ubao wa nyuzi za kulala, chombo kikihamia Dar es Salaam na unyevu ukapanda toka asilimia 8 hadi 14, kifuniko cha sentimita 8 kinaweza kuongezeka zaidi ya milimita moja upande mmoja na kubaki vile vile upande mwingine, huku mdomo ukipanuka kwa namna yake. Mteja atakuta kimekwama. Nyuzi zikilingana, vinavimba karibu kwa pamoja, na nafasi ya milimita moja uliyoiacha inakutosha msimu wote.